Firigisi ya Malava

Siku hizi firigisi zinauzwa kwa kilo. Wiki iliyopita niliziona ndani ya friji ya duka moja hapa mjini Kakamega, zimejazwa kwenye sahani ya plastiki, ishirini au zaidi, na kijana mmoja akazitupa katika kikapu chake pamoja na sabuni na mkate bila hata kuzitazama. Nilisimama pale nikiwazuia watu njia. Nilitaka kumwuliza kama anajua alichobeba. Sikumwuliza, maana watu wa umri wangu tukianza kuwahubiria vijana habari za firigisi tutaambiwa tumechanganyikiwa. Lakini ninyi mliolelewa wakati wangu mnajua. Kuku alikuwa na firigisi moja, na firigisi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Kwetu Lurambi mwenyewe alikuwa baba. Mama alimkata kuku kwa mpango aliofundishwa na mama yake kule Butere, kila kiungo na mtu wake, na firigisi akaiweka juu kabisa ya bakuli la baba ili aione kabla hata hajanawa mikono. Baba naye alimega ncha yake akanipa mimi, kipande kidogo kiasi cha ukucha. Nilikuwa mtoto wa kwanza, tena wa kike, na kukhu, nyanya yangu aliyemzaa baba, hakupendezwa hata kidogo. Yeye hakuwahi kuonja kuku tangu azaliwe, kwa sababu enzi zao kuku ilikuwa nyama ya wanaume, na imondo, kama alivyoiita firigisi, ndiyo iliyokatazwa zaidi. Alimwonya baba kwamba msichana anayekula imondo huja kuharibika tumbo. Baba alicheka tu. Mimi nilitafuna polepole nikimtazama kukhu machoni, kwani nilikuwa mtoto wa kiburi na sina sababu ya kuwaficha.

Tulikuwa watu wanne katika nyumba ile: baba, mama, mimi na ndugu yangu mdogo. Baba aliitwa daktari wa ng'ombe ingawa hakuwa daktari kamili. Alichanja ng'ombe, akawatibu waliougua, na kuwapandisha mitamba kwa mbegu aliyobeba katika mtungi wa baridi nyuma ya pikipiki. Mama alishona nguo barazani. Jioni baba alivuta kigoda karibu na cherehani akamsomea gazeti lote, hadi matangazo ya vifo, na mama alikanyaga cherehani akiuliza marehemu ni wa ukoo gani. Wakati mwingine baba alibuni habari zisizokuwepo, kwa mfano fahali aliyechaguliwa kuwa diwani, na mama akaendelea kushona kwa muda mrefu kabla hajagundua kwamba anafanyiwa mzaha. Hapo alimrushia kitambaa. Niliwapenda sana wakiwa hivyo. Nilidhani nyumba zote duniani zina mtu anayesoma na mtu anayeshona.

Jumamosi baba alinipakia kwenye pikipiki twende kuwazungukia wenye ng'ombe upande wa Malava. Kazi yangu ilikuwa kushika mkoba wake wa ngozi, uliojaa dawa za ng'ombe, na kutoufungua. Nyumba ya mwisho siku zote ilikuwa ya mwanamke mmoja mwenye ng'ombe wa madoadoa meusi na meupe, ng'ombe ambaye, nikikumbuka sasa, alikuwa na afya nzuri kupita kiasi kwa mnyama aliyehitaji daktari kila wiki. Baba aliniambia nimwite anti. Anti alikuwa na sahani zenye maua, mapazia ya kitambaa chepesi, na mkate aliopaka siagi pande zote mbili, jambo ambalo sikuwahi kuliona mahali pengine. Alinikalisha kwenye kochi, si chini. Aliniuliza habari za shule na kusubiri jibu. Nilimpenda, na kusema hivyo kunanichoma mpaka leo.

Njiani baba aliniomba nisimwambie mama kwamba tumekula huko, kwa kuwa mama angesema tunatembea tukiwasumbua watu na vyakula vyao. Nilielewa. Mama alitufundisha kukataa chakula cha watu mara mbili kabla ya kukikubali, na mimi kwa anti sikukataa hata mara moja. Kwa hiyo siri ile niliibeba kwa miezi kama siri ya ulafi wangu mwenyewe. Sikuona kosa jingine lolote.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo anti alichinja kuku. Firigisi hakuichanganya na mchuzi. Aliichoma peke yake kwenye makaa, akaikung'uta majivu, akampa baba mkononi. Nilisogea karibu kama kawaida yangu. Baba akaikata katikati kwa kisu, nusu akala yeye, na nusu nyingine akampa anti. Anti akaila. Akaila akicheka, akijifuta kidole kwenye kanga, na mimi nimekaa pale na mkono wangu tayari. Hakuna aliyeuona ule mkono. Nilipewa paja, paja zima, na nilililia ndani ya moyo wangu tangu Malava mpaka Lurambi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kukhu alikuja kwetu baada ya kanisa pamoja na senge, dada yake baba, na mama naye akachinja. Bakuli likaletwa, firigisi juu. Baba akamega ncha akaninyooshea. Kukhu akaanza maonyo yake ya tumbo, na sijui ni shetani gani aliyenishika, nikasema, "Leo ni yangu. Ile ya jana ulipea anti."

Kukhu aliuliza ni anti gani. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa ile sauti ya mtu mzima anayetaka mtoto ajisikie muhimu, na nikajisikia muhimu. Nilieleza kila kitu. Nilieleza ng'ombe wa madoadoa, sahani za maua, mkate wa siagi pande mbili, kochi, firigisi iliyochomwa peke yake, na jinsi ilivyokatwa katikati. Baba alikuwa ameniangalia kwanza kama anayetaka kunizuia, halafu akaacha kuangalia. Senge aliinama akatafuta kitu chini ya meza. Mimi nilidhani wote wamekasirika kwa niaba yangu, kwa sababu ya kipande nilichonyimwa.

"Alikata katikati," kukhu alisema polepole, "akampa, akakula?"

Nikasema ndiyo, alikula yote.

Sasa ninajua kukhu alikuwa anapima nini. Mgeni wa kiume akichinjiwa kuku, firigisi ni haki yake, na hakuna anayeuliza. Ataila yote, ashukuru, aende zake. Lakini mwanamume anayeikata mbele ya mpishi na kumgawia, huyo si mgeni tena, yuko nyumbani kwake. Mtoto wa mahali pengine angeweza kusimulia mlo ule wote na watu wakaendelea kula. Mimi sikutaja kitanda, sikutaja mkono begani, sikujua hata kama mambo hayo yapo. Nilitaja nusu ya firigisi, na kila mtu mezani akajua baba ana mke mwingine.

Mama alimwongezea kukhu mboga, akamwuliza senge kama ugali unatosha. Baba alitoka kwenda kutengeneza pikipiki ambayo haikuwa imeharibika. Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu ya kutisha. Kila kitu kiliombwa na kushukuriwa. Gazeti lilikaa juu ya kabati likiwa limekunjwa. Mama alishona mchana kutwa, akamaliza nguo za wateja wote, hata zile ambazo wenyewe hawakuwa na haraka nazo.

Alhamisi tulirudi nyumbani saa saba kula chakula cha mchana, mimi na ndugu yangu. Mlango ulikuwa wazi. Sare zetu zilikuwa zimepigwa pasi na kukunjwa juu ya kochi, na pasi kwetu ilikuwa kazi ya Jumapili jioni. Jikoni kulikuwa na sufuria ya wali. Wali, siku ya Alhamisi, bila mgeni. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Mlango wa chumba cha wazazi ulikuwa umerudishwa, nikajua mama amelala, nikamwambia ndugu yangu apunguze sauti. Tukapakua. Tukala mpaka tukakwangua ukoko, tukichekana nani ana tumbo kubwa zaidi. Nataka mlielewe jambo hili kama lilivyokuwa: tulikula kwanza. Baadaye ndipo nikaenda kumwambia mama kwamba wali ulikuwa mtamu.

Nilimwita, hakuitika. Mkoba wa baba ulikuwa sakafuni, wazi. Nilimtikisa bega nikaona jinsi kichwa chake kilivyokwenda, nikatoka mbio mpaka kwa jirani yetu bila viatu. Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Jirani akipiga kelele. Baba akitokea kwenye lango, akiacha pikipiki ianguke. Mama akipandishwa juu ya pikipiki hiyo hiyo, katikati ya baba na mume wa jirani, miguu yake ikining'inia, mmoja una kiatu na mwingine hauna. Walikwenda hospitali na mimi nikabaki nimekiokota kile kiatu.

Senge alikuja kutuangalia. Watu wazima wote walipoulizwa walitoa jibu moja, kana kwamba walikaa wakapatana: mama amekula kitu kibaya. Hakuna aliyesema ni kitu gani. Basi mimi nikatafuta mwenyewe, na kwa akili yangu ya miaka tisa sikuhangaika sana. Kitu kibaya kwa mwanamke kula nilikuwa nikikijua tangu nijue kusema. Mama alikuwa amesikia kwamba anti wa Malava alikula firigisi na bado anacheka. Mama naye akaionja ili awe kama anti. Na tumbo lake likaharibika, kama kukhu alivyosema siku zote.

Hesabu hiyo ilinipeleka moja kwa moja kwangu mimi. Mama alionja mara moja. Mimi nilikuwa nimekula miaka yote hiyo, kipande baada ya kipande, nikimtazama kukhu machoni. Nikaanza kungoja. Darasani niliweka mkono juu ya tumbo nikisikiliza. Nilimfundisha ndugu yangu kuwasha moto na kufunga kuku, ili ajue la kufanya nisipokuwepo. Nilimgawia penseli zangu. Niliacha kula, na senge aliponilazimisha nilitapika, nikaona dalili zimeanza.

Siku ya nne senge alinikalisha mapajani, mtoto mkubwa hivyo, akaniuliza nina nini. Nikamwuliza kama na mimi nitapelekwa hospitali ile ile, ili nilale karibu na mama. Nikamweleza sababu. Senge alicheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, kisha kicheko kikageuka kilio na nikashindwa kujua kilipogeukia. Aliniambia mama hakula firigisi. Nilimwuliza alikula nini basi. Alinipa uji, nikanywa, na tumbo langu halikufanya lolote.

Jibu nililipata shuleni, kutoka kwa msichana tuliyekaa naye dawati moja. Aliniambia kwa huruma kabisa, jinsi watoto wanavyoweza, kwamba mama yangu alitaka kufa kwa sababu baba ana bibi Malava, na kwamba aliyesema ni mimi. Mtaa mzima ulijua. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna kitu kibaya zaidi ya kuharibika tumbo.

Mama hakufa. Kwa hilo namshukuru Mungu kila siku, na wauguzi wa wodi ile ambao sikuwahi kuwajua. Alipotoka hakuja nyumbani, alikwenda kwao Butere, na baba alibaki nasi. Alipika ugali mbovu. Mkoba wake haukuingia tena ndani ya nyumba. Aliuacha kwa jirani, akauchukua huko asubuhi. Malava hakwenda tena, au kama alikwenda hakwenda nami. Mara moja nilimkuta bandani amemwegemea ng'ombe wetu shingoni, analia, na nikadhani ng'ombe anaumwa. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na sijawahi kufaulu kuchagua kimoja.

Shule zilipofungwa alikwenda Butere na mjomba wake kumwomba mama arudi, nasi tukapelekwa. Baba alisimama nje ya lango la wakwe zake asubuhi nzima kabla hajakaribishwa kiti. Wazee waliongea. Mama alikaa kando akiwa mwembamba, mikono yake imetulia mapajani bila nguo ya kushona, na hiyo mikono iliyotulia ilinitisha kuliko wembamba wake. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima. Nilipomfikia alinikumbatia akaniuliza kama nimekuwa nikichana nywele, na maneno yakarudi ndani. Yalikaa huko zaidi ya miaka thelathini.

Alirudi. Waliishi pamoja mpaka baba alipofariki mwaka jana, kwa heshima, na mwishoni nadhani hata kwa upendo wa namna fulani, ule wa watu wawili waliobaki macho wengine wote wamelala. Lakini kuku kwetu hakuchinjwa tena. Katika nyumba ya Mluhya, mgeni anakaribishwa kwa nyama ya buchani! Watu walisema mama ana maringo. Yeye aliongeza chumvi kwenye nyama ya buchani. Na gazeti kila mtu alijisomea mwenyewe.

Baada ya mazishi ya baba nilibaki na mama kwa wiki mbili. Adhuhuri moja tulikuwa barazani tukichambua kunde, na nikaona nikiyabeba maneno yale siku moja zaidi nitaugua. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba najua ni mdomo wangu ulioleta yote, tangu ile Jumapili, na kwamba sijawahi kuomba msamaha.

Mama aliendelea kuchambua. Nilitarajia aseme kwamba mimi nilikuwa mtoto tu. Nilihitaji sana aseme hivyo.

"Ya baba yako nilikuwa najua," alisema. "Mwanamke anajuanga. Kile sikujua ni vile wewe ulikuwa unapenda huko. Siku hiyo ulisema mambo ya yule mama na furaha, mpaka sahani zake. Nikaona nyote mumehama, nimebaki na cherehani."

Nilishindwa kuinua macho. Kumbe ilikuwa mbaya zaidi ya nilivyodhani. Si firigisi iliyotaka kumtoa mama uhai. Sahani za maua ndizo zilizokaribia kumtoa, na siagi, na kochi, na mtoto wake akivitaja kimoja kimoja kwa kujivuna. Nikasema, "Kwa hivyo ni mimi."

"Hapana." Aliacha kunde. "Kile kitu nilichukua na mkono wangu. Usinibebee hiyo, ni yangu." "Halafu ule wali. Nilijua baba yenu ndiye anatangulianga kufika saa ya chakula. Nilitaka akuje anipate yeye. Hiyo siku akachelewa, mukafika nyinyi. Mukakula, mimi niko hapo ndani. Hiyo ndiyo nimekuwa nataka kukuomba pole, miaka yote, na wewe hukai chini nikuombe."

Nililia kama sikuwahi kulia msibani. Yeye hakulia. Aliningoja, kisha akasema jambo jingine, kwa upole, kama anayenionyesha doa kwenye nguo.

"Unanipigianga simu kila siku saa saba. Ukiwa kazini, ukiwa safari, saa saba. Nikichelewa kushika unapigia jirani aje aangalie. Unafikiri sijui unaangalianga nini? Mimi nilitoka hosipitali, mwanangu. Wewe ndiye hujatoka."

Ni kweli. Sikuwahi kuhesabu, wala kujua kwamba mtu mwingine anahesabu.

Niliporudi kwangu niliamua kumheshimu. Siku ya kwanza, saa saba ilipofika, niliiweka simu juu ya meza, kifudifudi, nikaikalia mbali. Saa saba na robo nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Ilipokaribia saa saba na nusu ikalia yenyewe. Alikuwa mama. Hakuniuliza kwa nini sijapiga. Aliniuliza kama nimekula.